Salongo Ndani ya Kizimba cha Sungura

Bwana yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma huku Kadutu, na chuma ndicho kitu anachokiamini baada ya Mungu. Siku nilipomwambia tufuge sungura, hakuuliza wanakula nini wala wanalala wapi. Aliuliza atatumia vyuma vya unene gani. Kikatoka kizimba cha ghorofa mbili, kimepakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa jirani, sakafu yake waya mtupu ili mavi yaanguke chini. Majirani walikuja kukitazama kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Mimi nikachungulia ndani. Hakukuwa na kitu, hata jani.

Basi, sungura wakaanza kutafuna vyuma. Krr krr kutwa nzima, ukipika unasikia, ukisali rozari unasikia. Jike mmoja wa kahawia alizidi wenzake: alizunguka palepale mpaka mimi nashikwa na kizunguzungu, na alipochoka kuzunguka, akamng'oa mwenzake manyoya ya mgongoni. Nikamwita bwana aone. Alifurahi. Eti, angalia namna chuma changu kinavyowashinda. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Kwetu Mudaka, mama alifuga sungura pamoja na dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia, humohumo jikoni. Walilalia maganda ya maharagwe, walijificha ndani ya nyungu iliyopasuka, waliguguna vijiti vya kuni. Sikuona hata siku moja sungura wa mama akila ukuta. Kwa hiyo nikakata tawi la mpera nikalitia kizimbani. Yule wa kahawia aliacha chuma papo hapo akaanza kumenya gome, ametulia kabisa. Jioni bwana akatoka kazini, akalitoa. Uchafu, alisema. Nikalirudisha. Akalitoa. Tuliishi hivyo, watu wazima na ndoa yetu ya kanisani, tunagombania kijiti.

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa balaa. Asubuhi ni salongo, usafi wa lazima, avenue nzima inafagia na kuzibua mitaro, na bwana yangu, ambaye hajafua hata soksi yake, siku hiyo anashika brosi na ndoo kusugua kizimba mpaka king'ae.

Yule wa kahawia akazaa juu ya waya ule mtupu. Vitoto havina manyoya, vingine vikapenya vikaanguka chini, vingine vikafa na baridi, na vilivyobaki mama yao akavila. Bwana akakata kesi palepale mezani: "Mama anakula batoto yake? Huyu haiko sungura ya kufuga. Iko ya nyungu."

Nilimpenda yule sungura, nasema wazi. Nikamwomba bwana amwachie mimba moja tena. Akakubali kwa shingo upande, lakini sungura akila watoto tena, siku hiyohiyo anaingia kwenye sosi.

Safari hii nilimwekea sanduku la mbao la nyanya, nikatia majani makavu ya mgomba. Nikamwambia bwana, hili usiliguse. Ndiyo, ndiyo, maman, akanijibu, macho yake kwenye simu. Sungura akaingia ndani akakaa, pua tu iko nje. Krr krr ikaisha. Mimba ilipokomaa akaanza kupanga majani kwa mdomo, akajing'oa manyoya ya tumboni akatandika. Nilikuwa nasimama kumtazama mpaka maharagwe yanaungua, na sikujali.

Jumamosi ikafika. Wanawake tuliitwa kuzibua mtaro wa barabarani. Niliporudi, kizimba kilikuwa kinametameta, maji yanadondoka, sanduku halipo. Sungura alikuwa ameng'ang'ania chuma kwa meno. Bwana amesimama na brosi yake, anatabasamu. Alisema amenisaidia kazi. Mkubwa wa avenue alikuwa anapita kukagua, na yeye hakutaka aibu ya manyoya yale.

Nikakimbia nyuma ya choo, kwenye jalala. Sanduku lilikuwa limelala ubavu, limelowa. Nikaingiza mkono chini ya manyoya. Vitoto vyote vilikuwa humo, vimebanana, baridi kama mawe. Matumbo yao yalikuwa bado yamejaa maziwa. Mama yao alikuwa amewazaa kabla hakujapambazuka, akawanyonyesha, akawafunika vizuri, wala hakumla hata mmoja.

Nikawabeba kwenye kitenge changu nikawaweka mbele ya miguu ya bwana.

"Papa, leo ni nani amekula batoto?"

Aliweka brosi chini. Akaangalia vile vitoto, akaangalia yule mama kwenye waya, akavuta pumzi, akaangalia tena. Nikangoja. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kungoja neno namna ile.

"Bon," akasema mwisho. "Tumusamehe tu."

Sungura, jamani. Alikuwa anamsamehe sungura.