Maziwa Hayaoshi Mapafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mashine, kitambaa cha kufunga puani na kikombe cha maziwa. Tulikuwa wawili, mimi na Kambale, katika nyumba ya ghorofa kule Kyeshero, mjini Goma. Msimamizi wetu, tuliyemwita Shefu, alituambia: "Mukianza kukohoa, mukunywe. Maziwa inashusha vumbi." Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Masisi, kwetu maziwa ni dawa ya karibu kila kitu. Ningebisha vipi? Kambale, aliyetoka kwa wakulima wa Butembo, alikunywa kunishinda.

Ninyi mnaoshika ponsezi leo, yaani mashine ya kusugua sakafu, nisikilizeni. Jiwe la mashine likizunguka juu ya saruji hutoa unga. Ule unaouona ukianguka si mbaya sana. Mbaya ni ule usiouona, unaobaki hewani na kuingia kifuani. Dawa yake ilijulikana zamani: maji yatiririke mbele ya jiwe, unga uwe tope, tope lizolewe kabla halijakauka, na waya wa umeme utundikwe juu usilale majini. Shefu alijua yote hayo. Mpira wa maji ulikuwepo, umeviringishwa kando ya ukuta. Nilipoufungua alinifokea mbele ya watu: "Funga ile maji! Itachafula kuta, walishapaka rangi!" Kuta zilipata mtetezi, sisi hatukupata. Nikafunga maji, tukasugua kavu mpaka nyusi zikawa nyeupe.

Miaka ikapita, nikapelekwa Bunagana, kwenye depo la bidhaa karibu na mpaka. Kambale alibaki Goma. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mama Enjenia, mwanamke mfupi asiyetaka mchezo. Pale maji hayakufaa kwa sababu ya magunia, kwa hiyo jiwe lilizungushiwa sketi ya mpira, na bomba likavuta vumbi mpaka kwenye mashine yenye kichungi. Alinikataza kufagia kwa ufagio mkavu. Alininyoa ndevu, narudia, alininyoa, kwa kuwa barakoa yenye kichungi haishiki uso wenye ndevu. Siku hiyo hiyo akaona kidumu changu cha maziwa.

"Papa Patient, iyo ni ya nini?"

"Ya kushusha vumbi, Mama."

Hakucheka. Alichomoa bomba la kuvuta vumbi, akaniambia nisugue kidogo tu, kisha akafunga mlango na kuwasha tochi. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini ndani ya ule mwanga vumbi lilikuwa limejaa, linaelea. "Iyi inaingia mu mapafu," alisema. "Maziwa inaenda mu tumbo. Vitakutana wapi?"

Jibu nililitafuta njia nzima siku niliporudi Goma.

Nilirudi nikiwa kapita, mkubwa wa kikosi, chini ya Shefu yule yule. Kambale alikuwa bado kwenye ponsezi, na tayari anakohoa. Niliomba maji. Niliomba mashine ya kuvuta vumbi. Shefu akanyosha kidole mlangoni: "Kama vumbi inakusumbua, uko watu wanangojea kazi pale inje." Nikarudi kazini. Barakoa yangu ya Bunagana niliivaa mimi, Kambale akafunga kitambaa. Na kila adhuhuri, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kapita, nilimmiminia maziwa. Nilijua, na nilimimina! Shefu namchukia, sifichi. Lakini yeye hakuonyeshwa tochi. Mimi nilionyeshwa.

Sasa nimestaafu. Kambale hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Daktari amesema mapafu yamekuwa magumu na hayatalainika tena. Kwa hiyo msinipigie makofi ya heshima kwa kuwa ni muzee wa kazi. Ulizeni maji yako wapi kabla ya kuwasha mashine. Mkinyimwa, acheni ponsezi ikiwa imezimwa, wote pamoja, maana mmoja peke yake atafukuzwa na mwingine ataitwa. Na akija mtu na kikombe, mumkasirikie.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Kambale nikiwa nimeapa kumwambia ukweli kuhusu maziwa. Yeye huniagiza maziwa kila wiki, nami nilikuwa nayo. Mke wake alinipa kiti karibu na kitanda. Kambale alikunywa polepole, akifuta mdomo kwa mkono, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, uone huyu ndugu," alisema, akitafuta pumzi. "Wengine walikuwa wananisahau. Yeye alinichunga. Bila maziwa yake, mimi ningeshakufa."

Mama yule akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Kambale akanyosha kikombe. Nikafungua kidumu, nikammiminia tena.