Nyungunyungu Waliokufa Koponi

“Sasa wajukuu wangu wale nini?” Bibi mmoja aliuliza hivyo katika ofisi ya kilimo Muleba, nilikokuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Alikuwa ameweka kopo la udongo mezani. Bwana shamba alilisogeza kwa ncha ya kalamu, lisichafue mafaili.

“Waitu, ndugu yangu, juzi nilitoa nyungunyungu wazima shambani kwa jirani nikawatia humu, kwenye udongo wangu. Angalia.”

Walikuwa wamekufa wote.

“Bibi, hao wadudu tu. Migomba si inazaa?”

“Inazaa. Lakini ugonjwa huu wa UKIMWI umechukua wanangu watatu, tumewazika kibanjani, kwenye migomba, na katika makaburi yote hatukuona nyungunyungu hata mmoja. Ni palepale mlipofukia mapipa ya dawa ya fukusi wa migomba.”

Bwana shamba alimkonyeza mwenzake. “Kipimo cha udongo kiko Dar es Salaam. Andika barua.”

Bibi hajui kuandika. Chuoni tunafundishwa, kwa maneno marefu, kwamba nyungunyungu huonyesha sumu ya udongo. Yeye amejifunza kwa kuzika.

Barua nimeiandika mimi, na sitarajii jibu. Wewe mwenye kipimo, kama unasoma hapa, naomba uje uupime udongo ule. Watoto wanakula ndizi zake kila siku.