Siku Tuliyong'oa Maua ya Bi Ruth

Enzi zetu, sisi tulioletwa huku Maryland tukiwa bado tunang'oka meno, mwezi wa tatu haukuwa mwezi wa kukaa ndani. Tuliishi Adelphi, ghorofa ya tatu, na shamba letu lote lilikuwa kopo moja la mchicha dirishani. Lakini theluji ikishakwisha, kila Jumamosi Mama alitupakia mimi na kaka yangu Baraka kwenye gari letu lenye mlango mmoja usiofunguka, tukavuka mto kwenda Falls Church kwa Bi Ruth.

Mama alikuwa mwalimu kule Iringa. Huku alibeba boksi kama wenzake, na boksi lake lilikuwa kutunza wazee. Bi Ruth alikuwa mmoja wao, mjane mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Uwanja wake ulitoka kwenye baridi ukiwa hoi: majani ya mwaloni yameshikana kama magazeti yaliyoloa, matawi yamevunjwa na barafu, mabua ya mwaka jana yamesimama makavu. Mama akiwa ndani anamwogesha, sisi tulikuwa nje na reki. Mikono ganzi, pua zinachuruzika, mgongoni jasho. Ukiyafunua yale majani, harufu ya udongo uliofungiwa miezi mingi inakupanda mpaka kichwani. Saa nne Mama alituletea chapati na chai ya tangawizi, tukala ngazini. Tukilalamika alisema, "Kazi haina mdomo. Ingekuwa nao, yenyewe ndiyo ingewalalamikia nyinyi."

Nilikuwa na miaka tisa siku Bi Ruth alipotuita dirishani, akatuagiza tung'oe vitunguu mwitu, yale magugu membamba ya kijani yanayotangulia nyasi kila mahali. Tukaingia kazini kwa sifa. Chochote chembamba na cha kijani kiling'oka na mizizi yake, mpaka kando ya uzio pakabaki peupe kabisa. Mfuko ulijaa pomoni, tukasimama kando yake tukisubiri kupongezwa.

Badala yake likaingia gari la mwanawe Bi Ruth, bwana wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona akicheka. Akatazama kando ya uzio, akatazama mfuko, rangi ikamtoka.

"Nani amefanya hivi? Haya ni maua, hayajachanua tu! Baba aliyapanda kwa mikono yake kabla ya baridi, wiki tatu kabla hajafa!"

Baraka akanishika mkono. Mama alikuwa ametoka mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni.

"Ni mimi," akasema. "Nimeng'oa mimi. Nisamehe sana."

Sikuwahi kumsikia Mama akisema uongo kabla ya hapo. Yule bwana akamwambia Jumatatu atapiga simu kwa wakala waliomleta, wamtafutie mama yake mtu mwingine. Mama alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

Ndipo tukasikia fremu ya kutembelea ikigonga sakafu. Bi Ruth akajitokeza na ndara zake, nywele bado mbichi, blanketi mabegani.

"Acha kelele," akamwambia mwanawe. "Leteni huo mfuko hapa."

Akaketi kwenye ngazi. Akatoa mche mmoja, akaukata jani kwa ukucha, akaunusa, akautupa. Akatoa wa pili, akaunusa, akaulaza mapajani. "Kitunguu kinanuka. Ua halinuki. Mna pua, hamna?"

Tukakaa kumzunguka, tukanusa. Mche mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikanuka kama jikoni siku ya pilau. Mama alikuwa nyuma yetu, akiyarudisha maua ardhini na kuyashindilia kwa kiganja. Yule bwana alisimama muda mrefu. Kisha akavua koti, akapiga magoti pembeni ya Mama, akashika mwiko wa bustani. Alipofika ua la mwisho nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Simu ya Jumatatu haikupigwa. Njiani kurudi tulingoja makofi, hayakuja. Mama alisema tu, "Msilolijua, ulizeni. Kuuliza si ujinga." Mwaka ule mengi yalitoa majani matupu. Manne yalichanua, ya njano, yameinama shingo. Bi Ruth akasema yanamtosha.

Siku hizi nina uwanja wangu hapa Laurel, mbele na nyuma. Binti yangu nikimwita mwezi wa tatu, ananijibu kwa Kiingereza kutoka chumbani kwamba kuna watu wanaofanya kazi hiyo. Akitoka, huipiga picha reki kabla ya kuishika, na baada ya dakika kumi baridi imemshinda. Kwa majirani hupita vijana wenye mashine za kupuliza majani, nusu saa ya kelele, uwanja unabaki kama sahani iliyooshwa, na hakuna aliyechafuka kucha.

Mama amerudi Iringa na magoti yake yaliyochoka. Nikimpigia majira haya, swali lake la kwanza ni, "Umeshasafisha uwanja?" Namwambia nimeshasafisha. Halafu wote wawili tunageukia habari za mvua, maana hakuna kati yetu anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba uwanja umekuwa mkubwa na watu wamekuwa wachache.