Bibi Alivyosimama Kabla ya Bata

Leo nusura bibi yangu atutoe mgahawani kabla chakula hakijafika.

Shangazi alitupeleka kwenye ule mgahawa mpya wa mapishi ya Kifaransa hapa Tabora mjini, kunipongeza kwa kumaliza kidato cha nne. Bibi alikuja kutoka Bukene kwa ajili yangu.

Zikaletwa sahani kubwa nyeupe. Katikati, uyoga wa kujaa kijiko kimoja.

Shangazi alikuwa ametoka nje kupokea simu. Bibi akala, akafuta mdomo, akamwambia mhudumu kwa upole, "Tumeshiba baba, asante sana."

Akasimama. Akaninong'oneza, "Chakula kimewaishia. Tusiwaaibishe, mjukuu wangu. Twende."

(Kwetu ukikuta chakula hakitoshi, unasema umeshiba, unaaga. Ndiyo adabu.)

Lakini menyu nilikuwa nimeisoma. Bata alikuwa bado anakuja! Nilimsubiri bata huyo wiki nzima, tangu shangazi aliponiahidi.

Mnanijua. Mimi hata kuomba chumvi naona aibu.

Nikajikuta nasema kwa sauti, "Bibi, kaa chini."

Watu wa meza za jirani wakageuka. Mimi mwenyewe nilishtuka. Sijawahi kumwamuru bibi tangu nizaliwe.

Akaketi polepole. Nikamweleza kwamba hapa wanaleta kidogo kidogo, uyoga ulikuwa mwanzo tu.

Akanitazama sana.

"Kumbe una sauti," akasema. "Haya, mwite huyo kijana umwambie tuna njaa."

Nikamwita.

Bata alikuwa mtamu kuliko nilivyotarajia. Kuna mwingine hapa amewahi kumwambia bibi yake akae?