Unga wa Vigae kwenye Fedha

Emelyne alikuwa mfinyanzi aliyeolewa na mhunzi, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Katika ua wao pale Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, vyungu vyake vilikaa upande huu, kibanda cha uhunzi cha mumewe Dieudonne upande ule, na mwanamke hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha kibanda. Mwiko huo wazee walitoka nao Burundi mwaka wa sabini na mbili. Waliacha ng'ombe, nyumba na makaburi, lakini mwiko, bahati mbaya, hawakuusahau.

Kwa hiyo Emelyne aliona kwa mbali tu vikuku vya shaba na pete vikitengenezwa, na hamu ya kuvitengeneza ilimchoma. Kila alipoitaja, mumewe alimjibu kwa upole, "Mama Joséline, nyundo si kazi yako." Dieudonne hakuwahi kumpandishia sauti. Afadhali angempandishia, angalau wangegombana.

Mwaka wa tisini na saba, Specioza, mwalimu wa kazi za mikono kutoka Sumbawanga, aliwaletea akina mama pakiti chache za udongo kutoka Japani. Ulikuwa unga laini wa fedha uliokandwa kwa maji na gundi. Unaufinyanga, unaukausha, unauchoma. Gundi inaungua, fedha inashikana. Nyundo haihitajiki.

"Nyie mnajua kufinyanga," Specioza aliwaambia. "Atakayeniletea pete nzuri nitamwombea kibali atoke makazini, aje asome kwangu."

Kibali! Emelyne aliletwa Katumba akiwa mgongoni mwa mama yake, na tangu hapo hakuwahi kuvuka Mpanda mjini. Alirudi nyumbani na pakiti yake kifuani, akaketi kwenye jamvi, akaanza kukanda. Udongo ulikuwa laini mno. Mikono yake ikafanya ilichofundishwa na mama yake: ikachota unga wa vigae vya vyungu vilivyosagwa, ikachanganya, ili udongo usipasuke motoni. Hata hakufikiri. Mfinyanzi gani anapeleka udongo mtupu kwenye moto?

Pete ilitoka kwenye makaa ikiwa nzima, nyeupe. Alipoisugua kwa kijiko ili ing'ae, ikakatika, kisha ikamegeka vipande kiganjani. Vile vigae vilikuwa vimeizuia fedha isishikane. Emelyne alilia palepale uani, bila kujali nani anamwona.

Dieudonne alimwonea huruma kweli. Alivikusanya vile vipande, akaviyeyusha, akaondoa uchafu wa vigae ulioelea juu, kisha akaigonga fedha kwenye fuawe mpaka ikawa pete. Mkewe alisubiri nje ya kizingiti. Dieudonne akatoka, akamvisha.

"Sasa hii ndiyo fedha. Usilie tena."

Pete ilipita kwenye kifundo cha kidole kwa shida, na haikutoka tena.

Specioza aliporudi, alikishika kile kidole akakigeuzageuza. "Hii imegongwa. Nani kaigonga?"

Alama za nyundo zilionekana wazi. "Baba Joséline," Emelyne alijibu.

"Mafundi kama huyo nawatafuta sana. Pakiti zimekwisha, mama, lakini wa nyundo naweza kumtumia hata kesho."

Kibali kikatoka kwa jina la Dieudonne. Emelyne akamkaangia karanga za safari na kumfulia shati, huku moyo ukimuuma. Dieudonne naye aliona aibu.

"Nitunzie kibanda," alisema alipopanda lori. "Kinavuja."

Mvua ilinyesha jioni ileile. Emelyne alikimbia na turubai mpaka mlangoni. Ndani aliiona nyundo, fuawe, na matone yakidondokea ngozi ya mivukuto ya kupulizia moto. Hakukuwa na mtu wa kumkataza. Aliinua mguu, akaushusha palepale ulipokuwa. Akasimama na turubai lake mikononi, pete ikimbana, akiitazama mivukuto inavyolowa.