Zamu ya Mama Njia kuombwa hatua mbili

Kumepambazuka, umande haujakauka, na Mama Njia ameshavua kandambili akazichomeka kiunoni. Anafyeka majani kando ya mto, anajaza kokoto penye dimbwi, anasawazisha kwa kisigino. Akifika penye bustani ya vitunguu, anaipita mbio kama mtu anayemkwepa mkwe.

Bustani hiyo ni yake.

Njia anayoitunza ni fupi. Ukitoka kijiji chenye kinu unafika kijiji chenye soko na zahanati kabla jasho halijakutoka, tena tambarare tupu. Barabara kubwa ipo, lakini inapanda kilima, na kilima kile hakimhurumii mjamzito, mzee, wala mwenye gunia kichwani.

Tatizo ni mto. Kila mvua zinapokuja unaing'ata kingo, na njia ikiliwa haina budi kusogezwa ndani. Huko ndani ni mashamba ya watu.

"Jembe mtu yeyote analiweza," anasema mjane huyu, akicheka. "Kazi yangu mimi ni mdomo."

Aliianza baada ya mama mkwe wake kuteleza akienda zahanati, akavunjika nyonga. Tangu hapo vijiji vyote viwili humchangia kila mwezi pesa ya sabuni na sukari. Sukari, anasema, mara nyingi huishia njiani, kwa wale anaowabishia hodi.

Kuomba kwake kuna utaratibu. Jembe analiacha nje ya ua. Anabisha hodi, anakaa, anauliza hali ya watoto, mbuzi, na mguu uliokuwa ukiuma. Hapo ndipo anasema: "Nimekuja kuomba hatua mbili." Hajawahi kuomba zaidi.

Wengi humpa. Aliyemtoa jasho ni shemeji yake, fundi baiskeli, mdogo wa marehemu mumewe.

"Loo, huyo! Nikibisha hodi anazima redio, ajifanye hayupo! Alikuja kukubali shingo upande, na salamu akaninyima mpaka nikazoea."

Sasa mto umefika kwenye ua wa Mama Njia mwenyewe. Ardhi imepasuka hatua chache kutoka kwenye vitunguu, na vitunguu hivyo ndivyo alivyovitegemea kubadilisha bati linalovuja juu ya kitanda chake.

"Nikajidanganya kwamba ufa ni mdogo," anasema, na sauti inamshuka. "Mimi, niliyewasumbua watu wote hawa! Juzi bibi mmoja alikanyaga pale, ukingo ukamomonyoka. Wenzake wakamdaka, fimbo ikaenda na maji. Sijalala vizuri tangu siku ile. Naona aibu, mwanangu, lakini vitunguu navyo navionea huruma."

Kabla hajamaliza, hodi inasikika. Ni fundi baiskeli, mikono imejaa grisi. Jembe ameliegemeza nje ya ua.

"Karibu, shemeji," anasema Mama Njia, akimtazama kwa mashaka.

Fundi anakaa kwenye kigoda. Anauliza hali ya watoto. Anauliza hali ya kuku. Anauliza hata hali ya goti lake, na goti lenyewe halijawahi kuuma. Mama Njia ameshaelewa. Ameziba mdomo kwa upande wa khanga, na haijulikani kama anacheka au analia.

"Shemeji," anasema fundi, "nimekuja kuomba hatua mbili."

Kuku anapita katikati yao.

"Vitunguu havijakomaa, shemeji."

"Hata maharage yangu yalikuwa hayajakomaa."

Mama Njia anainuka na kwenda bustanini, fundi akimfuata na jembe lake. Anachuchumaa, anang'oa kitunguu cha kwanza, chembamba kama kidole, anakikung'uta udongo taratibu.

"Chukua tatu," anasema.

"Mimi nimeomba mbili."

"Mbili ni za njia. Ya tatu, ile ya mtoni, napanda matete, mizizi ishike udongo. Yakishika hapa, nayapanda mpaka kijiji cha pili, ili nisimbishie tena mtu hodi." Anafuta macho kwa kiganja chenye tope. "Bati litangoja. Ila kumbe kuombwa kunauma hivi, shemeji! Sikujua."

Fundi anatema mate viganjani, anashika mpini.

"Unadhani redio nilikuwa nazima kwa nini?"