Cheo cha Kusema Basi

Ayot alizaliwa kambini, binti wa sajenti kutoka Kitgum, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, hakina mapambo. Ukimuuliza kuhusu kazi yake, anakutajia mambo ambayo mikono yake imeruhusiwa kufanya. Alipoanza, katika kampuni moja ya magari ya wagonjwa kule Kansanga, aliruhusiwa kufunga vidonda, kumpa mtu oksijeni na kushika upande mmoja wa machela. Kozi ya pili ikampa dripu na dawa chache za kudunga. Kozi ya tatu alifeli, akairudia, na mwaka 2019 akawa mhudumu wa wagonjwa mahututi. Sasa aliweza kupitisha mpira kooni mwa asiyepumua, kumlaza kwa dawa na kumuunganisha na mashine.

Cheo hicho kilikuja na ruhusa nyingine, ambayo hakuwa ameiomba. Mhudumu wa ngazi ya chini humpeleka kila mgonjwa hospitali ili daktari aseme. Wa ngazi ya Ayot anaweza kusema mwenyewe, hapohapo alipomkuta mtu, kwamba amekufa na kazi imekoma.

Dereva wake, Obita, polisi mstaafu, hakuipenda ruhusa hiyo hata kidogo. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa na desturi yao. Wakimkuta mtu ameshakwenda na jamaa zake wanalia, walimpakia hivyohivyo, Obita akawasha king'ora na kukimbiza gari. Jamaa waliokaa nyuma waliona malori ya soko la Kikuubo yakibanana pembeni na bodaboda zikipanda ukingoni. Waliona mji mzima ukimpisha mtu wao. Kwa Obita hayo yalikuwa mazishi ya kwanza.

"Afande Ayot amepata nyota," alimwambia Abudu, kijana aliyekuwa mtu wa tatu wa zamu yao, "sasa maiti hata lifti hawapati."

"Lifti hiyo ilimvunja mkono mwenzetu," Ayot alimjibu. "Alikuwa amesimama nyuma anakandamiza kifua, wewe ukakata kona ya Lubaga kama uko kwenye mashindano."

"Mkono ulipona, nyabo," Obita alisema, akimwita bibi kwa lugha ya mjini.

"Yule mgonjwa je?"

Obita alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, redio iliwaita kwenye kambi ya polisi, Nsambya. Mwanamke ameanguka, hapumui. Msemaji alitaja namba ya nyumba. Obita aliirudia namba ile mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akakanyaga mafuta. Ilikuwa nyumba yake, ambayo hakuwa ameihama tangu astaafu.

Mkewe, Aryemo, alikuwa amelala chini ya kamba ya nguo, amelowa. Majirani walimmwagia maji wakidhani amezimia. Hakuna aliyejua alianguka saa ngapi. Aliyemkuta alikuwa anakwenda kuazima beseni.

Ayot alifanya yote ambayo kozi tatu zilimfundisha. Mpira ulipita kooni bila taabu, dawa ikaingia, Abudu na Obita wakapokezana kifuani. Mashine ya moyo ilionyesha mstari mnyoofu tangu mwanzo na haukubadilika. Ayot alimpigia simu daktari wa zamu, akamweleza kwamba anataka kusitisha. Daktari alisema angeamua vivyo hivyo, lakini aliyepo pale ni Ayot.

"Abudu, acha," Ayot alisema. "Obita. Basi."

Obita aliendelea kukandamiza. "Tumpakie."

"Moyo haujarudi."

"Nimekuuliza kama umerudi? Najua kifo, nimekipakia mara nyingi kuliko wewe. Tumpakie, tuwashe king'ora, twende."

"Huwezi kuendesha."

"Basi Abudu aendeshe! Wangapi tumewabeba, Ayot? Watu hata majina hatujui. Huyu amekupikia. Huyu ndiye unamwacha kwenye matope?"

Redio ilikuwa inaita tena. Kansanga, mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, Nabintu, mjamzito, anatetemeka na macho yamegeuka. Upande ule wa mji hakukuwa na gari jingine lenye mashine. Abudu alimtazama Ayot, kisha akatazama chini.

Ayot alimfunika Aryemo kwa shuka safi la machela. Aliwaomba majirani wamwingize ndani na wasimwache Obita peke yake. Alipiga magoti mbele ya Obita, akamshika mikono yote miwili ili kuiondoa kifuani pale, na ilimbidi atumie nguvu. Kisha akapanda gari. Abudu aliendesha. Langoni pa kambi, kijana huyo aliwasha king'ora, kwa kuwa Nabintu alikuwa hai.

Nabintu alifika hospitali anapumua. Ayot hakufuatilia zaidi.

Kwenye mazishi ya Aryemo, kwao Obita huko Kitgum, Ayot alikwenda, akakaa na wanawake, akamenya viazi. Obita alimpokea kama mgeni yeyote. Obita aliporudi kazini aliomba gari jingine, akapewa. Walikutana uani kwa kampuni, Obita akiosha tairi.

"Ulifanya sawa," Obita alisema bila kuulizwa. "Nimefikiri sana. Hata mimi ningekuwa wewe, ningekwenda kwa yule mjamzito."

"Basi rudi kwenye gari, kaka."

"Hapana." Alikamua kitambaa. "Nikikaa pale mbele, nitakusikia nyuma unasema ile neno yako. Kila mtu tutakayemkuta, mimi nitangoja uiseme."

Ngazi iliyobaki juu ya Ayot ni ya mkufunzi. Wakubwa wake wamemwambia nafasi ni yake akiitaka. Mkufunzi hufundisha somo zima la kusitisha kazi, wanafunzi wakilitamka lile neno mbele ya mdoli mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti isitetemeke. Hajaomba.